Kabla ya Kusifu Ramani, Fungua Jedwali

Juzi, ukumbini Buruburu, Nairobi, bwana mmoja aliusifu "mfumo wa kisasa" wa ramani wa ofisi fulani hadi akakaukiwa koo. Kilichomvutia ni skrini kubwa ukutani na ramani ya Kayole iliyorembwa rangi kama keki ya arusi. Watu wakapiga makofi, nami nikauma ulimi.

Rangi si kazi. Leseni ghali nayo si kazi: programu ya ramani ya QGIS ni ya bure, na mikononi mwa anayejua hushinda programu za mamilioni. Datamu, yaani msingi ambao vipimo vya ramani huhesabiwa kutoka kwake, sharti uikague. Anayepachika vipimo vya simu vya WGS 84 juu ya karatasi za zamani za Arc 1960 bila kugeuza, amekosea kwa mita kama 300, na pale Umoja hizo zinakufikisha kwa landilodi mwingine kabisa. Lakini hilo hata mwanafunzi hulinasa.

Wasilolitazama wageni ni safu moja ya jedwali la atributi: tarehe ya kuhaririwa, na pembeni yake jina la mhariri. Omba wakufungulie tabaka la mabomba au la ploti, ulipange kwa tarehe. Zikiwa zote za wiki ya semina ya kukabidhi mradi, mfumo ulikufa siku mshauri alipoaga. Umoja ilijengwa nyumba za chini. Leo ni maghorofa yaliyobanana, na ramani isiyoguswa tangu uzinduzi inamchorea fundi mtaa ambao haupo. Unachotaka ni tarehe zilizotawanyika, majina ya watu wa ngazi ya chini, na maelezo kama "mita imehamishwa, geti limefungwa". Makosa machache ya tahajia hunipendeza. Jedwali safi mno silipi imani.

Walaghai wanaijua safu hiyo. Niliwahi kuona jedwali ambalo, usiku wa kuamkia ukaguzi, mtu alilipitisha kwenye kikokotoo na kuzipa rekodi zote tarehe mpya. Zilipendeza sana, ila zote zilibeba sekunde ileile. Kwa upande mwingine, fundi mmoja wa mita huko Dandora, sasa mstaafu, hakumaliza zamu kabla ya kuingiza kila alichogusa. Wakubwa walimwona msumbufu. Wazee wa ramani za karatasi wangemwelewa: wao kila rekebisho walilitia tarehe na saini, kwa wino, na mkono haukutetemeka.

Kitengo cha ramani kikae na mafundi, si na watu wa kompyuta. Sina hoja ndefu, ndivyo ilivyo. Mfano ni mtaa wa mabanda wa Mukuru: ulipotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda, walikuwa wameshazoea kuhesabu na kuchora vijiji pamoja na wakazi. Mazoea hayo hayauzwi na seva.

Basi meneja, kwenye bajeti yako andika kwanza mishahara ya wahariri wawili wa kudumu. Ukikosa fedha zao, iache seva dukani.