Mafundi wa Njia ya Mweka

Kilimanjaro hupandwa kwa njia nyingi, lakini wengi hushuka kwa moja. Aliyepanda kwa Machame, aliyepitia Lemosho na uwanda wa Shira, aliyeparamia Umbwe, wote wakishatoka kilele cha Uhuru huteremkia kambi ya Barafu, kisha Mweka. Waliopanda kwa Marangu na Rongai ndio wanaoshukia Marangu. Kwa hiyo kile kipande cha msituni, kutoka kambi ya Mweka iliyo kwenye mita 3,100 hivi hadi getini kwenye mita 1,640, hubeba kila mwaka makumi ya maelfu ya wageni, na pamoja nao waongozaji, wapishi na wagumu, yaani wapagazi wa mlima huu, ambao idadi yao huwapita wageni wenyewe. Wote hao wanashuka. Mguu unaoshuka huchimba kuliko unaopanda: kisigino kinatangulia, uzito wa mtu na mzigo wake unaangukia mahali pamoja, na udongo unasukumwa chini hatua kwa hatua.

Hata hivyo, miguu peke yake isingeimaliza njia ile. Kinachoimaliza ni maji. Moshi mjini mvua ya mwaka haifiki milimita 1,000, lakini msituni juu ya Kibosho na Machame, upande wa kusini wa mlima, hupita 2,000. Udongo wa huko umetokana na majivu ya volkano. Ni mweusi, mwepesi, unanyonya maji vizuri maadamu mizizi inaushika. Mizizi ikikatika kwa kukanyagwa, udongo huo hauna ubishi tena. Tone likiuambia twende, unakwenda. Njia ikishazama kidogo kuliko kingo zake, imekwisha kuwa mkondo. Masika ya kwanza huacha mfuo unaoingia kidole. Wasipokuja watu na majembe, masika chache baadaye utakuta korongo linalomfika mtu kiunoni, mizizi ya podo ikining'inia pande zote mbili.

Nimewahi kuwa kibarua katika kundi la kutengeneza njia, na toka wakati huo sijaweza kupita mahali pa mteremko bila kuangalia chini. Watu hudhani ni kazi ya nguvu. Nguvu inahitajika, hilo halina ubishi: sururu, jembe, chepe, mtaimbo wa kung'olea mawe, karai la kubebea kokoto, msumeno na fyekeo, vyote hivyo hupanda mlima mabegani, kwa kuwa hakuna gari linalofika. Mtu anavaa gambuti asubuhi na kuzivua jioni, na katikati ya siku anakula makande yaliyopoa, amekaa juu ya gogo lililolowa. Lakini nguvu anayo kila kijana wa Kibosho. Kinachomtofautisha fundi na mbeba chepe ni kujua maji yanataka kwenda wapi kabla hayajaenda.

Kati yetu alikuwemo mzee mmoja tuliyemwita Meku, kama wazee wanavyoitwa kwetu. Hakuwa msimamizi kwa karatasi. Ila hakuna aliyelaza gogo bila kumtazama usoni kwanza.

"Meku, hili limekaa sawa?"

"Maji yatatokea wapi, mwanangu?"

Ndilo swali lake karibu siku nzima. Gogo la kukinga maji halilazwi kukata njia kwa unyoofu, kama anavyofanya asiyejua. Likilazwa hivyo, maji yanajikusanya nyuma yake, yanatua matope, yanajaa, kisha yanaruka juu na kuchimba shimo upande wa pili. Linalazwa kwa mshazari, ncha moja ikiingia ndani ya ukingo wa juu ili maji yasipate mwanya wa kulizunguka, ncha ya pili ikitokeza nje upande wa bonde, na hapo panachimbwa mlango mpana wa kutokea. Nyuma yake hupangwa mawe, yakashindiliwa. Mlango ndio roho ya kazi yote. Ukizibwa na majani, gogo lile linakuwa baya kuliko kutokuwepo, kwa sababu sasa kuna bwawa katikati ya njia na kila apitaye analikwepa kwa kukanyaga kando. Ndiyo maana sehemu kubwa ya matengenezo ni kazi ndogo ndogo isiyo na picha: kupita na jembe kuzibua milango, kuondoa majani, kukata ukingo wa chini uliojiinua ili njia iinamie nje na kumwaga maji kila hatua chache, kabla hayajapata kundi na mwendo.

Mteremko huo wa njia kuelekea nje ni mdogo mno. Ukizidi, mguu unateleza na mtu anaelekea bondeni. Ukipungua, maji yanakaa. Meku alikuwa akiupima kwa jicho, na alipokuwa na shaka alimwaga maji ya kikombe akasubiri. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi kabla sijaelewa alikojifunzia. Hakujifunzia mlimani juu. Alijifunzia kwenye mfongo.

Wasiokujua Uchagani waelezwe kwamba miteremko hii ina mifereji, ndiyo mifongo, iliyochimbwa vizazi vingi vilivyopita, ikitoa maji katika mito iliyo ndani ya makorongo ya juu na kuyapeleka hadi vihambani, kwenye migomba na kahawa. Wageni wa Kizungu walioandika habari za Uchaga katika karne ya 19 waliistaajabia, na walikuwa na haki. Mfongo hutembea ubavuni mwa korongo kwa masafa marefu huku ukishuka kidogo kidogo sana. Ukishuka haraka, maji yanaubomoa. Ukisawazika, yanalala na kuvunja ukingo. Penye bonde dogo, wazee walivusha maji kwa magogo yaliyochongwa matumbo. Waliyafanya haya bila pima maji wala ramani. Walichimba kidogo, wakaruhusu maji yaingie, wakatazama, wakachimba tena. Na kila mfongo ulikuwa na wenyewe, na siku zake za kusafishwa, na faini kwa asiyefika. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, haukuanza na serikali.

Njia ya mlimani inadai jicho lile lile, ila kwa nia iliyogeuzwa: mwenye mfongo anataka maji yasitoke, mwenye njia anataka yasikae. Naamini hapa ndipo utaalamu wetu ulipo, na kwamba haujapewa heshima yake. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikauingiza mlima katika urithi wa dunia. Watu waliokuwa wakijua kuyaongoza maji kwenye miteremko hiyo hiyo walikuwapo muda mrefu kabla ya tarehe hizo zote. Anapoajiriwa kibarua wa njia kutoka Mweka, Umbwe au Marangu, analeta kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya vifaa.

Baada ya maji huja goti. Penye mwinamo mkali, njia hukatwa ngazi, na ngazi ya Mweka haipimwi kwa goti la mgeni mwenye fimbo mbili. Hupimwa kwa goti la mgumu aliyebeba mzigo, ambao kikomo chake kinachopimwa mizani getini ni kilo 20, achilia mbali vitu vyake mwenyewe. Mara nyingi mzigo uko kichwani au shingoni, kwa hiyo hawezi kuinamisha uso kutazama anapokanyaga. Anashuka kwa kuzoea. Ngazi moja ikiwa ndefu kuliko zilizotangulia, mguu unakuta hewa. Kwa hiyo usawa wa ngazi ni muhimu kuliko uzuri wake, na fundi hodari hurudi nyuma hatua kumi, akashuka amefumba macho nusu, akasikiliza kama mwili wake umeshtuka popote. Wagumu wenyewe ndio wakaguzi. Wakipita tunasogea ukingoni, nao, pumzi zikiwa juu, hawaachi kusema, "Poleni na kazi." Tunajibu tumeshapoa. Wakipita mahali tulipotengeneza bila kupunguza mwendo, tunajua tumefaulu.

Halafu iko machela. Anayezidiwa na ugonjwa wa mwinuko, dawa yake ya kwanza ni kushushwa, mara nyingi usiku. Siku hizi helikopta huja, lakini haiji katika ukungu wala gizani, na watu wamelazwa kwenye machela ya gurudumu moja wakakimbizwa chini, wanaume wameishika mbele na nyuma. Kila jiwe lililojitokeza na kila mfuo usiofukiwa, mgonjwa anausikia mgongoni. Wakati wa kuchagua jiwe la kung'oa na jiwe la kuacha, mimi humfikiria huyo.

Juu ya msitu kazi inabadilika sura. Kwenye vichaka vya mwinuko wa kambi ya Horombo, njia ya Marangu, na uwanda wa Shira, hatari ni njia kupanuka. Panapokuwa na tope watu hupita kando. Kando nako kukawa tope, wakasogea tena. Mwishowe unaona njia tatu nne zinakwenda sambamba mahali palipokuwa na moja, na nyasi zilizokuwa katikati zimekufa. Mimea ya huko hukua polepole sana. Senesio wale wakubwa wanaopigwa picha na kila mgeni wanahesabu umri wao kwa miongo mingi. Kulikausha tope moja kwa mawe na mtaro, au kuziba kinjia cha mkato kwa vichaka vikavu, ni kuwaokoa hao. Zaidi ya mita 4,000 fundi hupambana na baridi: usiku maji yaliyomo ardhini huganda na kuchomoza kama sindano, yanainua udongo na vijiwe, jua likitoka vinaanguka, lakini si pale vilipokuwa. Ardhi yenyewe inatembea kila usiku, na mawe yaliyopangwa kuonyesha kingo za njia lazima yarudiwe.

Pako pia mahali ambapo ufundi wote haufui dafu. Januari 2006, mawe yaliporomoka upande wa magharibi wa Kibo, sehemu ya mlima yenye kilele cha Uhuru, kwenye njia ya Western Breach, yakaua wapandaji watatu wa Kimarekani, na njia ikafungwa kwa muda. Hapo huwezi kuchimba mtaro. Unahamisha njia au unaiacha.

Na Oktoba 2020 moto ulipozuka eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wananchi wa vijijini, wengi wakiwa na matawi mabichi na vyombo vya maji. Moto ulipokwisha, mteremko uliobaki uchi ulimwaga maji bila kizuizi, na penye mteremko uchi mitaro ya njia hujaa majivu mvua ya kwanza tu.

Meku alikuwa na desturi ambayo vijana waliiona kama ukaidi: mvua ikinyesha kwa nguvu, wengine wakikimbilia turubai, yeye alivaa koti lake akaondoka kupanda. Siku moja nilimfuata. Njia nzima ilikuwa inaongea. Uliona wazi gogo gani linatoa maji na lipi linayadanganya, wapi mkondo unazaliwa, wapi unakutana na mwenzake na kupata nguvu ya kubeba jiwe. Alikuwa anachomeka vijiti ardhini, kila kijiti mahali pa kufanyia kazi kesho yake. Nilichokijua baada ya mvua ile ni kingi kuliko nilichokuwa nimekijua kwa kuchimba kwenye jua.

Ujuzi huu haukai kwenye karatasi, na vibarua wanaoitwa kwa msimu kisha wakaachwa hawawezi kuurithisha. Ningependa makundi ya njia yawe na watu wale wale mwaka hadi mwaka, kila mmoja na kipande chake anachokijua kwa jina la kila jiwe; mzee aliyeshika mfongo akae na kijana anayetaka ajira mlimani; na msimu wa masika, wageni wanapopungua na kambi zikiwa kimya, wasiachwe nyumbani kusubiri kiangazi. Huo ndio wakati wa kuwapandisha, wakiwa na makoti ya mvua na fungu la vijiti.