Pumziko Linalolindwa: Ishara za Seli katika Mzunguko wa Unywele

Kifuko cha unywele, yaani kijitundu kirefu ndani ya ngozi ambamo unywele huota, ni miongoni mwa viungo vichache vya mtu mzima vinavyojibomoa na kujijenga upya bila kungoja jeraha wala ugonjwa. Kichwani vimo vifuko vipatavyo 100,000, na kila kimoja hupita katika vipindi vitatu: anajeni, kipindi cha kukua, ambacho kichwani huweza kudumu miaka miwili hadi sita, katajeni, majuma mawili au matatu ambamo sehemu ya chini ya kifuko husinyaa na seli zake kujiua kwa utaratibu, na telojeni, kipindi cha kupumzika kinachochukua takriban miezi mitatu. Katika panya, vifuko vya eneo moja huenda pamoja kama wimbi, ilhali kichwani mwa mtu mzima kila kifuko hufuata saa yake, ndiyo maana msusi huona nywele chache kwenye kitana kila siku na kichwa hakibaki upara.

Telojeni mara nyingi huelezwa kama usingizi, kana kwamba kifuko kimechoka na kinangoja nguvu zirudi, lakini maelezo hayo yanapotosha, kwa kuwa pumziko hilo hulindwa. Karibu na shingo ya kifuko kuna uvimbe mdogo wenye seli shina, yaani seli zenye uwezo wa kuzaa seli za aina nyingine, ambazo watafiti Cotsarelis, Sun na Lavker walizitambua mwaka 1990. Seli hizo huzuiwa kugawanyika na protini za jamii ya BMP, ambazo nyingine hutengenezwa na kifuko chenyewe na nyingine hutoka katika mafuta yaliyo chini ya ngozi. Mwaka 2008 Plikus na wenzake walionyesha kwa panya kwamba telojeni ina awamu mbili: ya kwanza, ambamo BMP ni nyingi na kifuko hakisikii mwito wowote wa kukua, na ya pili, ambamo BMP hupungua na mwito hupata nafasi. Pumziko, basi, ni kazi inayofanywa, na mlinzi wake akiondoka ndipo kazi nyingine huanza.

Mwito wenyewe hutoka hasa kwenye papila, fundo la seli lililo chini kabisa ya kifuko, nao hupitia njia ya ishara iitwayo Wnt. Jinsi njia hiyo inavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani ya seli hutengenezwa muda wote protini iitwayo beta-katenini, na muda wote kundi la protini nyingine huikamata na kuipeleka kuharibiwa. Wnt ikigusa kipokezi kilicho kwenye utando wa seli, uharibifu huo husimama, beta-katenini hujaa, huingia katika kiini na kufungua jeni za ukuaji. Seli haihitaji kuanza kutengeneza mjumbe, kwani mjumbe yupo tayari na linalohitajika ni kuacha kumwangamiza. Mwaka 1998 Gat na wenzake waliwapa panya beta-katenini isiyoharibika, na ngozi yao ikaota vifuko vipya mahali ambapo kwa kawaida havioti, lakini pamoja navyo vikaja vivimbe. Yeyote anayeota dawa ya upara itakayowasha njia hii bila breki hana budi kuyatafakari matokeo hayo.

Wnt ikishaamsha seli, ishara ya pili, Shh, huzisukuma zigawanyike na kushuka chini hadi kifuko kifikie urefu wake kamili. Ushahidi kwa binadamu umetokea kwa njia ya uchungu, kwani wagonjwa wa saratani ya ngozi wanaopewa dawa za kuzuia njia ya Shh mara nyingi hupoteza nywele. Mwisho wa anajeni nao una ishara yake, FGF5: panya wasiokuwa nayo, kama ilivyogunduliwa mwaka 1994, huwa na manyoya marefu kupita kawaida, kwa sababu amri ya kuacha kukua huchelewa kufika.

Kwa Kivu ya Kaskazini, mkoa wa mashariki mwa Kongo, suala hili lina sura nyingine, ya lishe. Eneo la Masisi ni vilima vya malisho, maziwa na jibini. Eneo la Walikale ni msitu, muhogo na ndizi. Na vita vya miaka mingi vimewafukuza watu kwenye mashamba na mifugo yao, hivi kwamba watoto wengi hubaki na ugali wa muhogo bila maharagwe wala maziwa. Utapiamlo wenye uvimbe, ambao Cicely Williams aliuandika kwa jina la kwashiorkor mwaka 1935, watu wa Kivu huuita bwaki, na nywele ni miongoni mwa dalili zake: hugeuka rangi ya kahawia-nyekundu, hulegea mikunjo, na hung'oka bila mtoto kulia.

Mizizi ya nywele hizo ikitazamwa kwa hadubini, huonyesha jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Katika marasmasi, utapiamlo wa kukonda, mizizi mingi huonekana imeingia telojeni, kana kwamba mwili umeamuru kubana matumizi. Katika bwaki hupatikana zaidi mizizi iliyo bado katika anajeni lakini imesinyaa na kupoteza ala zake. Tofauti hiyo yafaa isomwe kwa msaada wa ishara zilizoelezwa hapo juu: katika hali ya kwanza yaelekea saa yenyewe imegeuzwa, na katika ya pili saa bado inasema kua, ila malighafi ya kujengea keratini, protini ya unywele, haipo.

Nywele zenye mikunjo za Waafrika hukua karibu robo ya milimita kwa siku, kwa hiyo mtoto aliyeanza kupewa maziwa ya tiba na siagi ya karanga iliyorutubishwa, baada ya miezi mitatu, huweza kuwa na takriban sentimita mbili za unywele mweusi karibu na ngozi, huku sehemu nyekundu ikisogea kuelekea ncha. Mama akimnyoa, kumbukumbu hiyo ya utapiamlo huondoka na wembe, na kinachobaki chini ya ngozi ni papila.