Mbu wa Lupiro: kapu la 234 limeharibu hesabu

Utafiti wa 2016 juu ya mbu aina ya Anopheles arabiensis wa bonde la Kilombero, Tanzania, Lupiro ikiwamo, uliharibikia mwishoni. Mwanzo ulikuwa mzuri: je, mbu anayemfuata mtu na yule anayemfuata ng'ombe wanatofautiana kinasaba? Jinomu za mbu 48 zikasomwa, 23 wenye damu ya mtu na 25 wenye damu ya ng'ombe. Kazi safi.

Kisha ikaja zamu ya kupima mgeuko wa 3Ra, yaani kipande cha kromosomu kilichopinduka, kwa mbu wengi zaidi. Waliokuwa na damu ya ng'ombe, 129, wakalinganishwa na wote wasiokuwa nayo, 234. Hapo nagoma. Mechi ilitangazwa kuwa mtu dhidi ya ng'ombe, timu ya mtu ikaingia uwanjani ikiwa kombaini. Mbu asiye na damu ya ng'ombe hajawa mla watu kwa sababu hiyo tu. Lupiro kuna mbuzi, mbwa na kuku hatua chache kutoka kitandani. Thamani ya p ya 0.007 inasema mpangilio wa kawaida wa 3Ra umezidi kwa walionyonya ng'ombe. Kuhusu mtu, haisemi kitu.

Na 3Ra si jeni moja. Seli inaponakili DNA hainyooshi kilichopinduka: uzi unanakiliwa ulivyo. Mbu akiwa na kromosomu moja iliyogeuka na mwenzake wa kawaida, kubadilishana vipande ndani ya eneo hilo hubanwa sana wakati wa kutengeneza yai, na jeni zilizomo hurithiwa kwa mkupuo. Mzigo wa namna hiyo haustahili kupewa jina la tabia kwa ushahidi wa kundi lililochanganywa.

Tena, hadubini, iliyokuwa ikisoma migeuko ya namna hii, imetupwa mapema mno. Mtafiti wa mbu Mario Coluzzi alikuwa akifungua ovari za jike ambaye mayai yake yamekomaa nusu, takriban siku moja baada ya kunyonya. Seli zinazolisha yai hunakili DNA tena na tena bila kugawanyika. Nakala hulala sambamba, kromosomu hunenepa mpaka mistari yake inasomeka, na mgeuko unauona kwa jicho. Mwaka 1979, kwa mbu wa Nigeria, yeye na wenzake walionyesha kuwa wanaopumzika ndani na wanaopumzika nje wanatofautiana kwa migeuko. Ndani au nje, basi. Hapakuwa na kapu la mchanganyiko.

Waandishi wa 2016 wanapendekeza 3Ra ifuatiliwe ili ionekane kama hatua za kudhibiti mbu, mfano vyandarua, zinabadili tabia yao. Sawa, ila wale 234 wachambuliwe upya, wenye damu ya mtu wawekwe peke yao. Kabla ya hapo, 3Ra isipewe nafasi kwenye mipango ya vyandarua Kilombero.