Meko Yasiyo na Mahali: Chungu cha Mwenge cha London 2012

Miongoni mwa maamuzi yote ya kiufundi yaliyofanywa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, uamuzi wa kukisimamisha chungu cha mwenge katikati ya uwanja, juu ya ardhi ambayo wiki moja baadaye ilihitajika kwa riadha, ndio usio na utetezi wa kuridhisha, kwa sababu ulilazimisha moto wa gesi uliowashwa usiku wa Julai 27 uzimwe usiku wa Julai 29, chungu kihamishiwe upande wa kusini wa uwanja, kisha kiwashwe upya Julai 30. Kosa hilo halikutendwa na mafundi wa usiku ule, ambao walifanya walichoagizwa, bali na wale waliokubali mchoro wenye moto mahali ambapo moto usingeweza kukaa.

Chungu cha mwenge, yaani chombo kinachobeba moto wa Olimpiki kwa muda wote wa michezo, ni ndugu mkubwa wa meko ya gesi ya nje yanayoonekana siku hizi katika bustani za hoteli na za nyumba binafsi. Viungo vyake vya msingi ni vile vile: chanzo cha gesi, kidhibiti shinikizo kinachoishusha nguvu ya gesi hadi kiwango kinachofaa kuchomwa, vali ya kufungua na kufunga, kichomeo chenye matundu, na chombo kinachopokea joto. Kwa hiyo kanuni zinazoyahukumu meko ya bustanini zinakihukumu pia chungu cha London, na ya kwanza kati yake ni kwamba mahali pa moto huamuliwa kabla ya bomba kulazwa.

Wasomaji waliokesha mbele ya televisheni hawahitaji kusimuliwa jinsi vijana saba walivyowasha vikombe vya shaba vilivyolazwa kwa duara, wala jinsi vikombe hivyo 204, kimoja kwa kila ujumbe ulioshiriki, vilivyoinuka juu ya mashina yao na kukusanyika kuwa ua moja la moto. Kazi hiyo ya Thomas Heatherwick ilikuwa safi kiufundi, na sifa yake inatosha kusemwa mara moja.

Ugumu unaanza pale moto unapoagizwa uzimwe. Katika meko yoyote ya gesi, kuzima si tatizo ikiwa vali inafungwa na kila kiungo kinabaki mahali pake, kwa kuwa mfumo uliofungwa hubaki umejaa gesi tupu, na gesi tupu isiyo na hewa haiwezi kuungua. Hatari huingia pale kiungo kinapofunguliwa, kwa sababu hewa huingia bombani na kuchanganyika na gesi iliyosalia, na mchanganyiko huo huweza kufika katika ule ukanda ambao wahandisi huuita kiwango cha kulipuka, nao ni kati ya asilimia 5 na 15 kwa metheni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, na kati ya asilimia 2.1 na 9.5 kwa propeni, mojawapo ya gesi za mtungi. Ndiyo maana meko yakishahamishwa hayawashwi tu kama yaliyozimwa jana jioni: bomba husafishwa kwanza kwa kusukuma hewa nje, viungo vyote hupakwa maji ya sabuni na kuangaliwa kama vinatoa povu, shinikizo hupimwa, ndipo moto huruhusiwa. Kila hatua kati ya hizo inaweza kufanywa vizuri, na hakuna ushahidi kwamba London iliikosea hata moja; hoja ni kwamba hakuna iliyohitajika kabisa kama chungu kingejengwa tangu mwanzo mahali ambapo kingebaki hadi Agosti 12. Mhandisi anayejitengenezea hatari ili baadaye asifiwe kwa kuidhibiti hajafanya uhandisi.

Lipo pia suala la kuonekana, ambalo wengi walidhani ni la hisia tupu ilhali ni la kiutendaji. Moto wa gesi wa nje unapaswa kuonekana na wanaousimamia na wanaopita karibu nao, kwa maana jicho la mtu ndilo kipimo cha kwanza cha hitilafu: mwale unaorukaruka huashiria upepo au shinikizo lisilotulia, moshi mweusi huashiria gesi isiyopata hewa ya kutosha, na sehemu ya kichomeo isiyowaka huashiria tundu lililoziba. Chungu cha London hakikuonekana nje ya uwanja, na maelfu waliofika katika bustani ya Olimpiki walilazimika kukitazama kwenye skrini. Wale walioketi ndani usiku wa Agosti 9, David Rudisha wa Kenya alipokimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, walikuwa na moto huo uwanjani pamoja nao, ila ulikuwa moto ambao tayari umezimwa na kuwashwa mara ya pili.

Waandaaji walijitetea kwa mfano wa mwaka 1948, wakisema kwamba chungu cha Wembley nacho kilikuwa ndani ya uwanja. Utetezi huo unachanganya mambo mawili, kwani chungu alichokiwasha John Mark kilisimama pembeni, nje ya njia ya wakimbiaji, na hakuna aliyehitaji kukisogeza ili mtu arushe mkuki. Hata kumchagua mzee Austin Playfoot, aliyebeba mwenge mwaka huo wa 1948, awashe chungu kilichohamishwa kulikuwa ni kupaka rangi ya historia juu ya ufa wa mipango. Jambo moja tu la usiku ule wa kukihamisha chungu halina lawama: moto wenyewe ulihifadhiwa katika taa ya wachimba migodi, yaani taa iliyozingirwa ili upepo usiuguse, na hivyo mwale uliorudishwa kichomeoni ulikuwa mtoto halali wa ule wa Olympia.

Uhalali huo una historia chungu. Mwaka 1976 huko Montreal mvua ilizima mwenge siku chache baada ya ufunguzi, na ofisa mmoja akauwasha kwa kiberiti chake cha sigara, hadi wakubwa wake walipouzima na kuurudisha kwa moto wa akiba. Watu hucheka kisa hicho kwa sababu ya utakatifu wa mwenge. Walipaswa kukiogopa kwa sababu ya mkono wa yule ofisa. Moto wa gesi ukizimwa na mvua au upepo na vali ikabaki wazi, gesi huendelea kutoka bila kuungua, na anayesogeza kiberiti huwa anakisogeza katika wingu asiloliona. Meko ya kisasa huzuia hilo kwa themokapo, kijiti cha metali mbili tofauti ambacho kikipata joto huzalisha umeme mdogo unaoishikilia vali ya sumaku isifunge, na moto ukizimika kijiti hupoa, umeme hukatika, na vali hujifunga yenyewe. Yasiyo na kifaa hicho hayapaswi kuachwa bila mwangalizi hata kidogo, na yakizimika vali hufungwa kwa mkono, husubiriwa angalau dakika tano ili gesi itawanyike, ndipo mwale huletwa kwanza kwenye kichomeo na vali kufunguliwa polepole baadaye.

Barcelona mwaka 1992 ilivunja mpangilio huo wa mwale kwanza na gesi baadaye, nayo bado inabaki kipimo ambacho London haikukifikia. Mshale wa Antonio Rebollo haukukusudiwa kutua ndani ya chungu, bali kupita juu yake na kuiwasha gesi iliyokwisha kufunguliwa, na tofauti na kisa cha Montreal ni kwamba gesi hiyo ilitolewa kwa makusudi, hewani pasipo na paa, juu ya ukingo wa uwanja ambako hakuna mtu aliyesimama. Ukingo huo ndio jibu la swali lote: moto ulionekana ndani na nje ya uwanja, haukumzuia mwanariadha yeyote, na ulikaa palepale tangu Julai 25 hadi Agosti 9. Miaka ishirini baadaye, kwa fedha na kompyuta nyingi zaidi, London ilichagua kujua kidogo zaidi.

Haifai kuipita Vancouver ya mwaka 2010 bila neno, kwa kuwa chungu chake cha nje kilizungushiwa uzio wa waya uliowaudhi watazamaji, wakalalamika hadi uzio ukasogezwa. Lawama ziliuangukia uzio, ilhali umbali kati ya mtu na moto ni sehemu ya mchoro na haupaswi kusubiri malalamiko. Meko ya gesi ya bustanini huachiwa kama mita tatu kutoka ukutani, kwenye miti na kwenye vitambaa vya kivuli, na hayawekwi chini ya paa wala makuti, ambayo katika hoteli za pwani ndiyo kivuli kinachopendwa na ndiyo kuni zilizokauka tayari.

Kosa la London hujirudia kwa kipimo kidogo kila meko yanapojengwa mahali pa picha nzuri na kuhamishwa yanapogundulika kuwa njiani. Yanayotumia mtungi huhamishwa kwa urahisi wa kuhadaa, kwa sababu mpira wa gesi hufuata popote, na mara nyingi mtungi huishia ndani ya kasha lililozibwa pande zote ili usionekane. Propeni ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa, na buteni, mwenzake katika mitungi yetu, ina uzito wa karibu mara mbili, hivyo gesi inayovuja hutuama chini, na kasha lisilo na matundu ya hewa karibu na sakafu, katika pande mbili zinazotazamana, huwa kisima chake. Mtungi husimamishwa wima daima, kwa sababu ukilazwa gesi iliyo katika hali ya kimiminika huifikia vali na kutoka kwa wingi ambao kidhibiti hakikutengenezewa. Dar es Salaam, ambako gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikifika kwa bomba tangu 2004, upo mtego mwingine: metheni hubeba chini ya nusu ya joto la propeni kwa ujazo ule ule, kwa hiyo tundu la kupimia gesi katika kichomeo cha mtungi ni dogo kuliko la gesi asilia, na meko ya gesi asilia yakiunganishwa kwenye mtungi bila kubadilishiwa tundu hutoa mwale mkubwa kupita chombo chake.

Matengenezo yaliyobaki ni ya kawaida na hayahitaji maneno mengi: buibui huondolewa katika mrija wa kuchanganyia hewa, mpira uliopasuka hutupwa, kichomeo hufunikwa kikishapoa, na tundu la kutolea maji ya mvua huzibuliwa. Mawe ndiyo pekee yanayostahili onyo, kwani mawe ya mtoni huhifadhi unyevu ndani yake, na unyevu huo ukigeuka mvuke huweza kuyapasua na kurusha vipande kwa walioketi. Hutumika mawe ya volkano au vioo vilivyokazwa kwa moto, na hata mawe ya volkano yaliyolowa huachwa yakauke kwanza.

Anayejenga meko ya gesi leo na achore kwanza mahali ambapo watu watapita, watakaa na watacheza kwa mwaka mzima, ndipo achimbe mfereji wa bomba. Ikiwa tayari amekosea na ni lazima meko yahame, na amwite fundi wa gesi mwenye kipimo cha shinikizo, asimwachie mtunza bustani kazi hiyo.