Mota inayokwama ikienda polepole: soma ampea kwanza

Mota ya mkondo mnyoofu ikikimbia vizuri kwa mwendo kamili, kisha ikakwama inapotakiwa kuvuta mzigo polepole, mara nyingi si mota iliyoharibika. Hata hivyo ndiyo inayofunguliwa kwanza. Sharboni zinabadilishwa, komuteta inasuguliwa, rota inapelekwa kwa mfunga koili, na baada ya gharama zote hizo mota inarudi mahali pake na kukwama vilevile. Nashikilia kwamba kipimo kimoja, ampea zinazopita kwenye rota wakati imesimama, kingeiokoa karakana na kazi kubwa ya aina hiyo. Mita haidai bisibisi, na inaonyesha kama mota imeshindwa kazi au imenyimwa umeme wa kuifanyia kazi.

Chukua mkanda wa kulisha miwa kinuni, kazi ambayo bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, liliijua vizuri kabla ya vita vya 1996 kukisimamisha kiwanda cha sukari cha Kiliba. Shehena ya miwa ina uzito uleule mkanda ukienda mbio au polepole, kwa hiyo mota inadaiwa nguvu ileile ya kuzungusha katika kila mwendo. Pampu ya maji haina taabu hii, maana ikipunguzwa mwendo mzigo wake hushuka upesi zaidi kuliko mwendo wenyewe. Tuseme mota ya mkanda ni ya volti 400, ampea 50 kwa mzigo kamili, mizunguko 1,500 kwa dakika, na koili za rota zina ukinzani wa omu 0.4. Rota inayozunguka ndani ya sumaku huzalisha volti zake yenyewe, zinazopinga zile zinazoingia, na hizo hupanda na kushuka pamoja na mwendo. Zinazobaki huliwa na shaba: ampea 50 mara omu 0.4 ni volti 20. Kwa hiyo, katika 400 zinazoingia, 380 ndizo za mwendo na 20 ni za shaba. Kwa mwendo kamili hizo 20 ni asilimia 5, upungufu ambao hauonekani kwa macho. Sasa punguza mwendo hadi mizunguko 75. Volti za mwendo zinashuka hadi 19, lakini mzigo haujapungua, na shaba bado inadai 20 zake. Kidhibiti mwendo kinachotazama volti peke yake kitatoa 19 na kuona kimemaliza kazi. Mkanda ukijaa, volti hizo zote zinamezwa na shaba, rota inasimama, na mkondo unaishia kwenye 19 gawanya kwa 0.4, yaani ampea 47.5, wakati miwa inataka 50.

Hapo ndipo mita inapotoa ushahidi. Vidhibiti vingi huwekewa kikomo cha mkondo karibu na asilimia 150 ya ule wa kawaida, kwa mota yetu ampea 75. Mota ikisimama na mita inasoma 47, kidhibiti bado kina akiba kubwa ambayo hakuna aliyekiamuru kuitoa. Dawa ni kurekebisha fidia ya ukinzani, ile skurubu au namba inayokiambia kidhibiti kiongeze volti kadiri ampea zinavyopanda. Kupandisha kikomo cha mkondo, kama wengi wanavyokimbilia kufanya, hakutasaidia kitu, kwa kuwa mkondo haujakifikia. Lakini mita ikigota 75 na mhimili hausogei, kesi imegeuka: ama beringi imekaza, breki haijaachia, miwa imejibana, ama sumaku ya koili za nje imedhoofika. Nguvu ya kuzungusha ni zao la mkondo na sumaku kwa pamoja, na kimoja kikipungua, kingine lazima kizidi ili mzigo uleule ubebwe. Ampea zikiwa chache na zinarukaruka, hapo nakubali kwamba sharboni zina kesi ya kujibu, au thairista moja ya kidhibiti haipokei amri yake.

Pingamizi la kwanza litakalotajwa Uvira, mji jirani na Kiliba, ni umeme wenyewe. SNEL, shirika la umeme la Kongo, inalaumiwa kwa mengi, na mitambo ya mto Ruzizi inawahudumia Wakongo, Wanyarwanda na Warundi, kwa hiyo volti kushuka si jambo la kushangaza. Hata hivyo hesabu inakataa. Kwenye volti 380 za njia tatu, thairista sita zinaweza kutoa hadi volti 513 za mkondo mnyoofu. Umeme ukipungua kwa asilimia 10, zinabaki 462. Kwa mizunguko 75 na mzigo kamili tunahitaji 39 tu. Upungufu wa mtandao ungeumiza kwanza mwendo mkubwa, na mota yetu huko inakwenda vizuri. Upande mmoja tu wa lawama naukubali: koili za sumaku zikilishwa na daraja la dayodi lisilodhibitiwa, volti zikishuka sumaku nayo hupungua. Ila fidia ikiwa imewekwa sawasawa, hapo mita ingepanda kuelekea 75. Haingebaki 47.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mbona asubuhi inavuta, na mchana inakwama? Skurubu haijaguswa. Jibu liko kwenye joto. Ukinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii. Koili zikipanda digrii 80, omu 0.4 inakuwa takriban 0.52, na deni la shaba linapanda kutoka volti 20 hadi 26. Tena mota yenye feni kwenye mhimili wake hupata hewa kidogo sana ikienda polepole, katika joto la ufuo wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo inajipasha zaidi saa ileile inapohitaji kupoa. Fidia iliyopimwa mota ikiwa baridi haitatosha mchana. Ikipimwa ikiwa moto, asubuhi itazidi, na mwendo utaanza kupanda na kushuka bila kutulia. Kwa mkanda unaotegemewa siku nzima, tiba kamili ni jenereta ndogo ya kupima mwendo iliyofungwa kwenye mhimili, ili kidhibiti kifuate mizunguko halisi kisibahatishe kwa volti. Ila waya wake ukikatika kidhibiti kitadhani mota imesimama na kuipa volti zote, kwa hiyo ifungwe pamoja na kinga ya kuzima. Karakana isiyoweza kuinunua iweke fidia pungufu kidogo ya ile inayoanza kuyumbisha mwendo mota ikiwa baridi, na iipe mota feni inayojitegemea.