Sahani ya Kinshasa: wageni na wenyeji

Sahani ya muziki tunayotaka kuipima leo yaitwa Live in Africa. Ni ya Fania All-Stars, kundi la wapigaji na waimbaji mashuhuri wa New York. Sauti zake zilinaswa Kinshasa mwezi wa Septemba 1974, uwanjani mbele ya watu, na sahani yenyewe ikatolewa mwaka 1986. Vijana kadhaa wa hapa Mudzipela, ambao siku hizi hubeba nyimbo za wazee wao ndani ya simu, wametuuliza kama yastahili sifa zote inazopewa. Jibu letu ni hili: yastahili, lakini aliyeisikia hiyo peke yake hajasikia bado mambo yaliyofanyika uwanjani.

Kwanza yafaa kujua kundi hilo ni la namna gani. Si orkestra ya kila siku. Kila mmoja wao alikuwa na orkestra yake, au jina lake mwenyewe la kujaza ukumbi. Walikusanyika kwa siku chache, wakapiga, wakatawanyika. Wanakwaya watatuelewa mara moja. Siku ya sikukuu ya somo wa parokia huchukuliwa waimbaji bora wa kwaya tatu au nne, wakapangwa mstari mmoja. Kila mmoja ni hodari, na kila mmoja ataka asikike. Hatari hiyo imo katika sahani hii pia. Wimbo wa Ponte Duro umerefushwa kupita kiasi, kwa sababu kila bwana lazima apewe zamu yake ya kuonyesha ufundi, na sisi tulio mbali, tusioona wachezaji wala taa, twachoka kabla yao.

Lakini Johnny Pacheco, mwenye filimbi, aliyekuwa mkuu wao, alijua kuwarudisha watu wake njiani. Sikilizeni ngoma za Ray Barretto. Ngoma hizo huitwa konga, jina ambalo Mkongomani halisikii bila kugeuza kichwa. Barretto hashindani na mtu. Anaweka mapigo yake chini ya wote kama msingi wa nyumba, naye anayetaka kurukaruka juu yake aruke.

Halafu anaingia Celia Cruz na wimbo wake Quimbara. Wimbo huo ulikuwa mpya kabisa, umetoka mwaka huohuo wa 1974. Mama huyu wa Havana, aliyeondoka Kuba mwaka 1960 na kuishi ugenini, alikuwa karibu kutimiza miaka 49. Sauti yake haina haraka hata mapigo yanapokimbia. Anatamka kila silabi kana kwamba anahesabu fedha mbele ya mwenye deni, halafu ghafula anaiachia sauti ipande. Kwa sehemu hiyo moja tu tungeinunua sahani nzima.

Watu wa Kinshasa hawakujua Kispanyola, lakini muziki huo haukuwa mgeni kwao. Tangu miaka ya 1930 sahani za Kuba zenye alama ya GV zilikuwa zikiuzwa Afrika, na vijana wa Léopoldville walijifunza gitaa kwa kuzifuata. Hata katika miaka ya 1950 orkestra zao ziliimba maneno ya Kispanyola yaliyotungwa kwa kubahatisha, ilimradi yalie vizuri! Na mapigo hayo yenyewe yalikuwa yamevuka bahari zamani pamoja na watumwa waliotolewa huku kwetu, Wakongo wengi miongoni mwao. Kwa hiyo uwanjani mtoto wa ndugu alikuja kumwimbia mjomba wake, naye mjomba akaujua wimbo.

Uwanja huo ulizinduliwa mwaka 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin, nao ni kazi ya Padri Raphaël de la Kethulle wa Scheut, ambaye watu walimwita Tata Raphaël. Mwaka 1974 uliitwa Mei 20, siku ya chama cha Mobutu. Leo una jina la padri. Kumbukeni miaka ile ilivyokuwa. Mwaka 1972 majina ya Kikristu yalipigwa marufuku, na Kadinali Malula alikaa Roma uhamishoni kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli nayo ikaondolewa katika sikukuu za serikali. Watawala walihubiri uasilia, na papo hapo wakatafuta macho ya dunia kwa ngumi za Wamarekani wawili, Ali na Foreman, kila mmoja akiahidiwa dola milioni 5. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, mapigano yakaahirishwa mpaka Oktoba 30, watalii hawakuja. Muziki ukapigwa hata hivyo, tarehe 22 mpaka 24 Septemba, na usiku wa mwisho watu wakaachwa waingie bila kulipa.

Hapa ndipo tuna neno la kusema. Siku hizohizo, katika uwanja uleule, waliimba Franco na TPOK Jazz yake, Tabu Ley, Abeti Masikini, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Wote walinaswa sauti. Sahani ya wageni ilitoka baada ya miaka 12. Ya wenyeji, iitwayo Zaire 74: The African Artists, ilitoka mwaka 2017, baada ya miaka 43, kwa kazi ya Hugh Masekela na Stewart Levine, walioandaa tamasha lenyewe. Franco alikuwa amekufa mwaka 1989, Abeti 1994, Makeba 2008, Tabu Ley 2013. Hakuna hata mmoja wao aliyeishika mkononi.

Hatusemi kwamba Fania waliwanyang'anya nafasi. Walialikwa, wakapiga vizuri, wakarudi kwao. Lakini mtu akizisikiliza sahani mbili hizi moja baada ya nyingine ataona tofauti. Wageni wanapiga kama watu wenye usiku mmoja wa kushinda uwanja. Franco hana haraka. Gitaa lake larudia neno lile lile, larudia tena, mpaka umati wenyewe wamwendee. Hiyo ni tabia ya mtu aliye nyumbani kwake, na katika Live in Africa haimo, wala haikuweza kuwamo.

Na msimruke Abeti. Ni mzaliwa wa Kisangani, jirani yetu katika ile Province Orientale ya zamani. Alibatizwa Élisabeth, na jina lake la pili kila Mswahili alielewa. Septemba ile alikuwa na miaka 19, uwanjani pamoja na Celia Cruz na James Brown, na hakuna mahali sauti yake inapotetemeka.