Shabaha Moja, Maana Tatu: Istilahi za Vilengeo vya Bunduki za Kale

Mfasiri anayeshika maelezo ya kigeni juu ya ulengaji wa masafa marefu kwa bunduki za kale hukutana mapema na kikwazo cha istilahi. Neno shabaha hutumika kwa kitu kinachopigwa, kwa tendo lenyewe la kulenga, na pia kwa kifaa kilicho juu ya mtutu ambacho mlengaji hukitazamia. Katika mazungumzo hapana madhara. Lakini sentensi kama “inua shabaha mpaka ilingane na shabaha” haimfundishi mtu lolote, na katika mambo ya silaha agizo lisiloeleweka ni hatari.

Si kwamba lugha yetu ni maskini katika fani hii. Waliotumia gumegume na gobori walituachia kasiba, mdeki, kifa na fataki. Wala silaha za masafa si ngeni nchini. Kambi ya Lugalo, wilayani Kinondoni, ina jina la mahali karibu na Iringa ambapo majeshi ya Mkwawa yaliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891 na kuteka bunduki zao. Mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11 na baruti ya moshi. Lee-Enfield za Waingereza nazo zilikuwa na alama za masafa hadi yadi 2,000.

Hebu tuone anayechagua kifaa cha kulengea anahitaji kutofautisha nini. Penye pengo la wazi, jicho hulazimika kuangalia vitu vitatu vilivyo mbali mbali: pengo la nyuma, ncha ya mbele na shabaha. Penye tundu dogo, jicho hujiweka katikati lenyewe, hivyo hubaki vitu viwili tu. Ndiyo sababu katika shindano la Creedmoor, Marekani, mwaka 1874, lililofikia yadi 1,000, walengaji walipendelea tundu. Uchaguzi huu si mdogo: ikiwa pengo na ncha vimeachana sentimita 75, kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita huipeleka risasi kando kiasi cha sentimita 13 kwenye mita 1,000. Seremala wa Keko, wilayani Temeke, afumbapo jicho moja kukagua unyoofu wa ubao, anaijua kanuni hii bila kuisoma.

Wapo wanaopendekeza tutohoe tu na kusema saiti. Hatukubaliani nao. Fundi wa Mbagala akisikia saiti atafikiri mahali pa ujenzi. Wengine huita vifaa vyote hivi darubini. Darubini ni neno zuri, lakini lina vioo ndani yake. Bunduki tunazozizungumzia kwa kawaida hazina kioo chochote.

Kwa maoni yetu, shabaha ibaki kuwa kile kinachopigwa, na tendo liitwe ulengaji. Kifaa kiitwe kilengeo, kwa kanuni ile ile inayotupa kichomeo kutokana na kuchoma. Ncha ya mbele iitwe punje. Wajerumani nao huiita Korn, yaani punje, na umbo lake lastahili jina hilo. Kwa sehemu ya nyuma tuseme kilengeo cha pengo au kilengeo cha tundu, na kile kinachosimamishwa chenye alama za umbali kiitwe kibao cha masafa. Sasa agizo lasomeka hivi: “Pandisha kibao cha masafa, kisha weka punje katikati ya tundu, chini ya shabaha.” Hakuna atakayeuliza shabaha ipi.

Huenda mtu akaona kwamba jambo hili ni la wachache. Lakini tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inawahusu raia wote. Karani anayeorodhesha silaha, mkalimani wa shahidi mahakamani na mwandishi wa kibandiko cha makumbusho hawana budi kutaja sehemu moja kwa jina moja. Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao, kwani istilahi isiyotumika hufa ikiwa bado kwenye orodha.